MJUKUU AMEKUJA LIKIZO: HADITHI ZISIMULIWE NDANI YA CHANDARUA

 

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza na babu na bibi. Vijana na akina mama pia wasome, kwa maana jambo hili ni la nyumba nzima.

Shule hufungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Wakati huo mabasi hujaa watoto. Wanatoka Arusha, Moshi, Dar es Salaam na miji mingine. Wanakwenda vijijini kuwaona babu na bibi. Huko kijijini bibi amekwisha tenga jogoo. Babu amekwisha tengeneza kiti kidogo cha mjukuu.

Siku hizo ni njema sana. Asubuhi mtoto hufuatana na bibi shambani. Hujifunza kuchimba karanga na kulisha kuku. Hujua mbuzi yupi ni mkorofi na mti upi una matunda. Babu naye hupata mtu wa kumtuma na wa kuzungumza naye. Jioni kazi zote zimekwisha. Mkeka hutandikwa uani. Bibi husema, "Paukwa." Mtoto hujibu, "Pakawa." Hadithi huanza.

Ndugu msomaji, saa hiyo nzuri ya hadithi ndiyo saa ambayo mbu wa malaria huanza kutoka. Mbu huyo humwona mjukuu wako kuwa ni chakula. Basi leo tujifunze jinsi ya kumkinga mjukuu aliye mgeni, na jambo la kufanya akipata homa.

MJUKUU WA MJINI SI SAWA NA MTOTO WA KIJIJINI

Malaria haipo sawa kila mahali katika nchi yetu. Mwaka 2022 Serikali ilifanya utafiti kwa kuwapima damu watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano. Mkoani Tabora, kati ya watoto 100, watoto kama 23 walikuwa na vimelea vya malaria. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro hakufikia hata mtoto 1 kati ya 100.

Vimelea ni vijidudu vidogo sana vinavyoleta malaria. Huwezi kuviona kwa macho.

Mtu anayeishi penye malaria nyingi huumwa na mbu mara kwa mara tangu utoto. Akipona mara nyingi, mwili wake hujifunza kupigana na vimelea. Hii ndiyo kinga ya mwili. Kinga hiyo haizuii malaria kabisa, lakini huufanya ugonjwa usiwe mkali sana. Tena kinga hiyo hupungua mtu akikaa muda mrefu mahali pasipo na malaria.

Sasa tazama. Babu ameishi hapa miaka 70. Akishikwa na malaria, pengine huumwa kichwa, hutetemeka kidogo, hulala siku moja au mbili. Mjukuu wa Arusha hana kinga hiyo. Mwili wake haujawahi kukutana na adui huyu. Kwake yeye, malaria inaweza kuanza asubuhi kwa homa ndogo, na kesho yake asijitambue.

Hapa ndipo penye hatari. Babu huipima homa ya mjukuu kwa homa yake mwenyewe. Husema, "Ni homa tu, hata mimi huipata, itapoa." Wazee wangu, homa ya babu si homa ya mjukuu. Tulikumbuke neno hili.

MALARIA HULETWA NA MBU

Wako watu ambao bado husema malaria huletwa na maembe mabichi, au na kunyeshewa na mvua. Sivyo. Mwaka 1897, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Ronald Ross, alipokuwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Tangu hapo dunia imejua njia ya ugonjwa huu.

Mbu wa malaria huitwa Anofelesi. Anayeuma ni jike tu. Hutaka damu ili atage mayai. Hutaga kwenye maji yaliyotuama, kama vile madimbwi, mashimo ya matofali na hata nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua. Huuma zaidi tangu jua linapozama mpaka alfajiri.

Mbu akimuuma mtoto humwingizia vimelea. Vimelea huenda kwanza kwenye ini. Huko huzaana kimyakimya, na mtoto hucheza kama kawaida. Kisha huingia kwenye damu. Hapo ndipo homa huanza. Mara nyingi homa huanza siku 7 mpaka 14 tangu mtoto alipoumwa na mbu. Wakati mwingine huchelewa zaidi.

Kumbuka hesabu hiyo. Tutaitumia mwishoni.

SIKU YA KWANZA: ULIZA MAMBO MANNE

Mtoto akishushwa kwenye gari, furaha huwa kubwa. Kabla mzazi aliyemleta hajaondoka, au kwa simu siku ile ile, uliza mambo haya manne:

1. Je, mtoto ana ugonjwa wowote, kama pumu, selimundu au kifafa? Je, ana dawa anazotumia kila siku?

2. Je, kuna dawa au chakula kinachomdhuru?

3. Kadi yake ya kliniki iko wapi? Kama ana kadi ya bima ya afya, je, imeletwa?

4. Mtoto akiugua, je, ninaweza kumpeleka zahanati bila kusubiri ruhusa?

Jambo la nne ni kubwa. Tuchukue mfano. Mtoto ana homa usiku. Bibi anasema, "Si mtoto wangu. Ngoja nimpigie baba yake." Simu ya baba haipatikani. Bibi anasubiri asubuhi. Asubuhi baba anasema atatuma nauli jioni. Jioni mtandao unasumbua. Siku mbili zimekwisha. Vimelea havikusubiri simu wala nauli.

Basi makubaliano yafanywe mapema. Mzazi aseme wazi, "Mama, akiugua mpeleke, utaniambia baadaye." Tena aache nauli ya kwenda zahanati. Fedha hiyo iwekwe mahali pake, isinunuliwe sukari.

KILA JIONI: MAMBO YA KUFANYA

Wazee wengi mnakumbuka mwaka 1973. Mwaka ule ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu. Kisha wakatenda. Walifyeka majani, walifukia madimbwi, walichimba vyoo. Baadhi yenu mlikuwa vijana wakati ule, na mlishika majembe. Kazi ile haijaisha. Mjukuu akija, tuifanye tena hapa nyumbani:

1. Kabla ya mtoto kufika, zunguka nyumba. Fukia mashimo yenye maji. Funika mitungi na mapipa.

2. Tafuta chandarua chenye dawa. Kama ni kipya, kianike kivulini kwa siku moja kabla ya kukitumia. Kama kina matundu, yashone. Sindano ya bibi inatosha.

3. Ning'iniza chandarua juu ya mahali mtoto anapolala, hata kama analala chini kwenye mkeka. Pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua kilichofungwa juu kama pazia hakimkingi mtu.

4. Jua likizama, mvalishe mtoto nguo ndefu zinazofunika mikono na miguu.

5. Hadithi zisimuliwe ndani ya chandarua.

Jambo hili la tano ndilo ninalowaomba zaidi. Sisemi hadithi ziachwe. Hapana. Mtoto amesafiri njia ndefu kwa ajili ya hadithi hizo. Lakini badala ya kukaa uani mpaka saa tatu usiku, kuleni mapema, mnaweni, kisha ingieni ndani. Bibi na mjukuu waingie ndani ya chandarua. Taa izimwe. Hadithi ya sungura na fisi haihitaji taa. Mtoto akilala katikati ya hadithi, amelala mahali salama. Hana haja ya kubebwa.

Babu akitaka kusimulia uani, asimulie mchana, chini ya mwembe, wakati wa kupukuchua mahindi.

Chandarua kikichafuka, kifue polepole kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi. Kianike kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Tusikitumie kuvulia samaki wala kufunikia vifaranga.

HOMA IKIMPATA: USISUBIRI

Pamoja na kinga yote, mtoto anaweza kuugua. Mwili wake huwa wa moto. Hakubali kula. Hachezi. Anasema kichwa kinauma au tumbo linauma. Anaweza kutapika au kuhara.

Mpeleke zahanati siku ile ile. Usipitishe saa 24. Ikiwa kijijini yuko mhudumu wa afya ya jamii, mweleze pia.

Zahanati, mtumishi atamchoma mtoto kidole kidogo, atachukua tone la damu na kuliweka kwenye kipimo. Baada ya dakika kama 15 au 20 majibu huonekana. Si kila homa ni malaria. Mtoto anaweza kuwa na nimonia, homa ya matumbo, au ugonjwa wa njia ya mkojo. Kila ugonjwa una dawa yake. Ndiyo maana tunapima kwanza.

Mwambie mtumishi, "Mtoto huyu ni mgeni. Ametoka Arusha wiki mbili zilizopita." Maneno hayo yatamsaidia kujua kwamba mtoto hana kinga.

Unapokuwa njiani, mpe mtoto maji safi ya kunywa. Mpunguzie nguo nzito. Dawa ya kutuliza homa, kama parasetamo, hupunguza joto na maumivu. Lakini haiui vimelea. Joto likishuka usiseme amepona. Usigeuze safari.

DAWA ILIYO SAWA

Wazee wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa chungu, na watu wengi iliwawasha mwili mzima. Iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Ikafuata SP. Nayo vimelea vikaizoea. Tangu mwaka 2006 tunatumia dawa mseto. Huitwa mseto kwa sababu ndani ya kidonge kimoja zimo dawa mbili zinazosaidiana.

Kwa hiyo, kidonge cha zamani kilichobaki kwenye kopo la bibi kisitolewe kwa mjukuu. Wala asipewe nusu ya dawa ya jirani. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtoto, na uzito hujulikana kwenye mizani.

Dawa mseto hutumika hivi. Hunywewa mara 6 kwa siku 3. Mara ya kwanza na ya pili huachana kwa saa 8. Mtoto akinywa saa 4 asubuhi, atakunywa tena saa 12 jioni. Siku ya pili na ya tatu hunywa asubuhi na jioni. Anywe baada ya kula, hasa chakula chenye mafuta kidogo, kama uji wa karanga au maziwa. Akitapika mara baada ya kumeza, rudi zahanati, huenda akahitaji kurudia.

Siku ya pili mtoto ataanza kucheza. Usiache dawa. Maliza vidonge vyote. Kama baada ya siku mbili bado ana homa, mrudishe.

Wengine watauliza, "Je, mizizi na majani ya porini?" Swali ni zuri. Moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya mseto asili yake ni mmea. Wachina waliutumia mmea huo tangu zamani. Mwaka 1972 mama mmoja mtaalamu wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walifaulu kuitoa dawa halisi kutoka katika mmea huo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kwa hiyo hatudharau majani. Lakini katika kikombe cha majani yaliyochemshwa, hujui mna dawa kiasi gani, wala kama imo. Katika kidonge kiasi kinajulikana. Mtoto asiye na kinga hawezi kungojea tujaribu.

DALILI ZA HATARI

Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, ondoka mara moja, usiku au mchana:

1. Mtoto ana degedege.
2. Hawezi kunywa wala kunyonya.
3. Anatapika kila kitu.
4. Amelegea sana, analala na haamki vizuri, au hajitambui.
5. Anapumua kwa shida au haraka haraka.
6. Viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe. Huko ni kupungukiwa na damu.
7. Mkojo wake ni mweusi kama koka-kola.

Wazee wangu, juu ya degedege naomba mnisikilize kwa upole. Mimi ni kijana kwenu. Watu wengi husema degedege huletwa na shetani au na dege la usiku. Wengine husema mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Kwa hiyo humfukizia moshi kwanza, na zahanati huja mwisho.

Mara nyingi degedege huja kwa sababu ya homa kali, au kwa sababu malaria imefika kwenye ubongo. Mtoto aliyecheleweshwa hufika akiwa katika hali mbaya sana. Akifa baada ya sindano, watu huilaumu sindano. Kumbe kilichomuua ni kuchelewa. Sindano ya malaria kali inaokoa maisha ya watoto wengi ikitolewa mapema.

Mtoto akipata degedege, mlaze kwa ubavu. Legeza nguo zake. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimkandamize. Mtu mwingine atafute baiskeli au pikipiki. Nendeni.

Zahanati watampa dawa ya kwanza, kisha watampeleka hospitali. Hata kwa mtoto wa chini ya miaka 6 asiyeweza kumeza, iko dawa ya kuwekwa kwenye njia ya haja kubwa, imsaidie njiani. Usikatae safari ya hospitali. Dawa hiyo ya kwanza haimalizi ugonjwa.

SIKU YA KUONDOKA

Likizo imekwisha. Bibi amefunga karanga na viazi. Babu amempa mjukuu fimbo ndogo. Mtoto ni mzima. Je, kazi ya kinga imekwisha? Bado.

Sasa turudie hesabu yetu. Tuseme mtoto aliumwa na mbu tarehe 4 Julai usiku. Tarehe 5 amepanda basi. Homa inaweza kuanza kati ya tarehe 11 na 18 Julai. Wakati huo yuko Arusha, darasani. Mama yake atadhani ni mafua. Hata daktari anaweza asifikirie malaria, kwa sababu huko malaria ni kidogo.

Kwa hiyo bibi atume neno hili pamoja na karanga: "Mtoto akipata homa, hata baada ya miezi miwili au mitatu, apimwe malaria siku ile ile. Mwambieni daktari kwamba alikuwa kijijini kwetu." Liandike kwenye karatasi na ulitie ndani ya begi la mtoto. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unaweza kuliandika mwenyewe. Barua fupi kama hiyo inaweza kumwokoa mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini homa ya mjukuu kutoka mjini ni ya hatari kuliko homa ya babu?

2. Hapa kijijini kwetu, madimbwi yako wapi? Nani atayafukia, na lini?

3. Mtoto akipata degedege saa nane usiku, tutampelekaje zahanati? Nani ana pikipiki au baiskeli? Je, namba yake ya simu tunayo?

4. Mtoto amekaa kwa bibi wiki nne. Amerudi mjini, na baada ya siku kumi ana homa. Mama yake amwambie daktari nini?

Ndugu wasomaji, karibisheni wajukuu. Wafundisheni kulima, kuchunga na kuheshimu wakubwa. Wasimulieni hadithi zote mnazozijua, nao watazisimulia kwa watoto wao. Ila zisimulieni ndani ya chandarua.

Kinga ni bora kuliko tiba.